Jinsi ya Kuifanya Ramani ya Njia Isomeke kwenye Saa ya GPS

Kioo cha saa nyingi za GPS zenye ramani kina kipenyo cha inchi 1.3 au 1.4, yaani milimita 33 hadi 36 hivi. Kinazidi kizibo cha soda, lakini si kwa mengi. Humo ndani tunataka vionekane vijia, mito, mistari ya kontua (ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi), majina ya vijiji, mpaka wa hifadhi, njia tuliyoipanga na mshale wa pale tulipo. Na tunataka kuviona huku tunahema, mkono unacheza na jasho limeingia machoni. Ndiyo maana mtu hutoa hela nyingi kununua saa yenye ramani, kisha akifika njiapanda anasimama na kutoa simu mfukoni.

Saa yenyewe mara nyingi ni nzima. Imetoka dukani ikiwa imewashiwa kila kitu, na kwenye kioo kidogo namna hiyo vitu vinafichana. Kazi yako ni kuondoa kila kisichokusaidia kujibu swali la mkimbiaji wa milimani, ambalo karibu siku zote ni lile lile: hapa nashika kushoto au kulia?

Mifano mingi hapa ni ya saa za Garmin kwa sababu ndizo zenye mipangilio mingi ya ramani. Mwenye saa ya Coros au Suunto atafuata mantiki hiyo hiyo. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye saa, ili usihangaike kuyatafuta.

Hatua ya 1: Hakikisha saa yako ina ramani kweli

Si kila saa yenye GPS ina ramani. Forerunner 255 na 265, kwa mfano, huonyesha mstari wa njia yako juu ya kioo kitupu: hakuna kijia, hakuna mto, hakuna jina. Forerunner 955, 965 na familia ya fenix 7 zina ramani kamili ndani. Coros Vertix 2 na Apex 2 Pro zinazo pia, na Suunto Vertical na Race vilevile.

Kama yako ni ya mstari mtupu, usiitupe. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 7. Mstari ulioandaliwa vizuri juu ya kioo kitupu, kwa maoni yangu, unasomeka haraka kuliko ramani iliyojaa.

Hatua ya 2: Kijue kioo chako

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni MIP, ile inayorudisha mwanga wa jua. Kadiri jua linavyowaka ndivyo inavyosomeka vizuri, na haili chaji sana. Kasoro yake ni rangi: fenix 7 ya ukubwa wa kati ina pikseli (nukta zinazounda picha) 260 kwa 260 na rangi 64 tu. Kijani cha msitu, kijani cha shamba na kahawia ya kontua huishia kufanana. Aina ya pili ni AMOLED, yenye kung'aa kama simu. Forerunner 965 ina pikseli 454 kwa 454 na rangi zake zimekolea, lakini jua likiwa utosini lazima mwangaza upandishwe, na hapo betri inaliwa.

Tofauti hii utaiona vizuri ukilinganisha mahali. Juu ya mgongo wa milima ya Ngong, ambako kilele cha Lamwia kiko mita 2,460 na miti ni michache, MIP haina mpinzani. Ukiingia chini ya miti ya msitu wa Karura, Nairobi, au wa Magamba, Usambara, kioo hicho hicho kinafifia, na inabidi taa yake ya ndani iwashwe. Kwa hiyo mwenye MIP apandishe nguvu ya taa hiyo kabla ya kuingia msituni na aongeze muda wake wa kukaa imewaka. Sekunde chache za kiwandani hazitoshi kutafuta kijia.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: pikseli nyingi hazimaanishi herufi kubwa. Zinafanya mistari iwe laini zaidi. Mtu aliyevuka miaka arobaini na kuanza kushika gazeti mbali hatapata nafuu kubwa kwa kuhama kioo peke yake. Kitakachomsaidia ni ramani yenye vitu vichache na mistari minene.

Na kama unavaa miwani ya jua yenye polaraizi (ile inayopunguza mng'ao), ijaribu nyumbani. Angalia kioo kupitia miwani huku ukizungusha mkono taratibu. Kwenye baadhi ya saa kuna pembe ambayo kioo kinageuka cheusi kabisa, na ni bora uijue sasa kuliko kudhani saa imezimika ukiwa mlimani.

Hatua ya 3: Angalia ni ramani ipi iliyo ndani, na ni ngapi

Ramani za kawaida za Garmin, zinazoitwa TopoActive, zimetengenezwa kwa data ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 ambapo watu wa kawaida ndio wanaochora ramani ya dunia. Saa iliyonunuliwa Ulaya au Marekani huja na ramani ya huko. Ndugu akikuletea saa kutoka London, usishangae ukifungua ramani Moshi ukakuta barabara kuu mbili tatu na weupe mtupu. Fungua Map Manager ukiwa kwenye Wi-Fi, tafuta eneo lako, pakua. Mafaili ni makubwa, kwa hiyo iache saa kwenye chaja usiku kucha.

Njia nyingine ni OpenTopoMap, inayotoa bure mafaili ya Garmin ya nchi moja moja, yenye mtindo wa ramani za milima. Unapakua faili la img la nchi yako, unaunganisha saa na kompyuta kwa waya, unaliweka kwenye folda ya GARMIN, unawasha saa upya. Mwenye Mac atahitaji programu ya ziada ya kuhamisha mafaili, kama OpenMTP.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanaongeza ramani ya pili bila kuzima ya kwanza. Saa inazichora zote mbili, moja juu ya nyingine: kijia kimoja kinaonekana viwili, kontua zinapishana, jina la kijiji linajirudia na kusogea kidogo. Ukiona ramani yako ina vurugu isiyoeleweka, kabla ya kugusa kitu kingine, ingia kwenye mipangilio ya ramani ya mchezo unaoutumia (aina ya zoezi uliyoichagua kwenye saa, kama kukimbia au kutembea) uhesabu ziko ngapi zimewashwa. Acha moja. Mipangilio hiyo hukaa kwa kila mchezo peke yake, hivyo uliyozima kwenye Trail Run inaweza kuwa bado inawaka kwenye Hike.

Neno kuhusu kontua zenyewe, kwani wengi huziamini kupita kiasi. Ramani nyingi za bure huchora kontua kutoka kwenye vipimo vya rada vya SRTM, vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000. Data yake yenye kipimo kimoja kila mita 30 ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2014, Afrika ilitangulia. Mita 30 maana yake korongo jembamba au ukingo wa mwamba linaweza lisionekane kabisa, na kwenye msitu mnene rada ilipima karibu na vilele vya miti kuliko udongo. Kontua zinakuambia mlima unaelekea wapi. Hazikuambii kama mbele yako kuna genge.

Hatua ya 4: Ondoa

Bonyeza na ushikilie kitufe cha kati cha kushoto, ingia kwenye mipangilio ya mchezo wako, kisha Map. Mambo manne yatakutosha.

Map Theme: weka High Contrast kwa mchana. Rangi hafifu zinatoweka, vijia vinakolea. Popularity, ile inayopaka rangi njia zinazopitwa na watu wengi, ni nzuri mjini ukiwa mgeni. Huku kwetu milimani, ambako watumiaji wa saa hizi bado ni wachache, inaongeza rangi bila kuongeza habari.

Detail: punguza hatua moja chini ya ilivyokuja. Kiwango cha juu huonyesha kila choo, kila benchi, kila alama ya duka, na pia hufanya ramani ichelewe kujichora. Ukipunguza sana vijia vidogo navyo vinatoweka, kwa hiyo shuka hatua moja, tazama eneo unalolijua, ndipo uamue.

Kontua: kwa anayekimbia kwenye kijia kinachoonekana, zima. Najua wengi watabisha. Lakini kwenye kioo cha rangi 64, kijia cha kahawia kikipita sambamba na kontua ya kahawia kwenye ubavu wa mlima, jicho haliwezi kuvitenganisha kwa sekunde mbili, na sekunde mbili ndizo ulizonazo. Ziwashe unapotembea, unapopanga, au ukiwa mahali pasipo kijia, ambapo umbo la ardhi ndilo mwongozo pekee. Kwenye Coros uchaguzi ni mwepesi zaidi: Landscape ina barabara na maji, Topo ina kontua, Hybrid ina vyote. Hybrid ndiyo inayovutia dukani na ndiyo inayochosha macho njiani.

Kivuli cha milima, kama saa yako inacho, kizime bila kujiuliza. Ni pambo.

Hatua ya 5: Chagua vipimo viwili vya kukuza, basi

Hesabu kidogo. Kioo cha pikseli 260 kikionyesha mita 520 za ardhi, kila pikseli inabeba mita 2. Ukirudi nyuma hadi kioo kionyeshe kilomita 2.6, kila pikseli inabeba mita 10. Vijia viwili vinavyoachana kwa mita 15 vitakuwa na nafasi ya pikseli moja na nusu kati yao, yaani vitaonekana kimoja. Kwa hiyo ramani ya kilomita nzima nzima haitakuonyesha njiapanda hata uitazame vipi.

Kuvuta karibu sana nako ni kosa. GPS hukosea mita kadhaa hata mahali pa wazi, na kwenye korongo au chini ya miti mikubwa hukosea zaidi. Ukikuza hadi kioo kizima kiwe mita 50, mshale wako utaruka nje ya kijia na kurudi, nawe utaanza kurudi nyuma kutafuta njia ambayo uko juu yake tayari.

Ninachopendekeza ni kipimo kimoja cha kukimbilia, ambacho kioo kinaonyesha kama nusu kilomita, na kingine cha njiapanda, kama mita 200. Zima Auto Zoom. Ikiwa imewashwa, ramani hubadilika ukubwa yenyewe na ubongo wako unaanza kusoma upya kila unapoitazama. Ukiizima, baada ya muda macho yanazoea kwamba nusu ya kioo ni dakika fulani za kukimbia, na hapo ndipo ramani inapoanza kukutumikia.

Hatua ya 6: Kaskazini juu, au uelekeako juu?

Orientation ina chaguo la Track Up, ambapo ramani inazunguka ili unakokwenda kuwe juu, na North Up, ambapo kaskazini haihami. Kwa anayekimbia, Track Up: kilicho kulia kwenye kioo kiko kulia kwako, hakuna cha kufikiria. Aliyezoea ramani ya karatasi, hasa waongozaji wa siku nyingi, mara nyingi hupendelea North Up, na sioni sababu ya kuwabadilisha.

Track Up ina tabia moja ya kuudhi. Ukisimama, ramani inaweza kuzunguka hovyo. Pima dira kwa kuzungusha mkono kwa umbo la namba nane kama saa inavyoelekeza, na ukifika njiapanda usisimame kwanza. Tazama saa ukiwa bado unatembea, au piga hatua kumi upande mmoja uone mshale unaelekea wapi.

Hatua ya 7: Uandae mstari wa njia kwa uangalifu kuliko ramani

Muda mwingi utakuwa unaufuata mstari, na ramani itakuwa nyuma yake tu. Mstari mbaya huharibu ramani nzuri.

Chora njia yako kwenye kompyuta, kwa programu inayoushikiza mstari kwenye vijia vya OpenStreetMap: Garmin Connect, Komoot, Strava na nyingine hufanya hivyo. Faili la GPX, yaani faili la njia, ulilotumiwa na mwenzako kwenye WhatsApp, lililorekodiwa na saa yake, ndani yake kuna kila alipokwenda kujisaidia, kila alipopotea na kurudi, na kila GPS ilipotetereka. Kwenye kioo kidogo vitu hivyo huonekana kama njiapanda za uongo. Lifungue, usafishe, au uchore upya ukilitazama.

Njia ya kwenda na kurudi ina tatizo lake. Mistari miwili inalaliana, vishale vya mwelekeo vinagongana, na saa yenyewe inaweza kudhani uko kwenye sehemu ya kurudi ilhali bado unapanda. Igawe faili mbili: kwenda na kurudi. Fanya hivyo pia kwa njia inayojikata yenyewe katikati, kama zile za mizunguko mingi ndani ya msitu mmoja.

Weka alama kwenye njiapanda ngumu tu. Njia ya kilomita 20 yenye alama 40 ni kero, maana kila alama inapiga kengele na kufunika ramani. Majina yawe mafupi: muundo wa faili wa TCX unaruhusu herufi 10 tu, na hata saa zinazokubali zaidi huyakata. Andika «KUL mto», «KUSH bomba», «maji». Karura kazi hii imeshafanywa nusu, kwa sababu njiapanda zake zina vibao vyenye namba. Andika namba ya kibao, na ukifika utajua papo hapo kama saa na ardhi vinakubaliana.

Rangi: mstari wa njia uwe wa rangi isiyokuwepo kwenye ramani. Zambarau ni salama. Nyekundu juu ya kijani ni chaguo baya kwa asiyetofautisha rangi hizo mbili. Kisha angalia Track Log, mstari wa ulikokwisha kupita. Ukiwa na rangi inayokaribiana na ya njia, kwenye njia ya mzunguko hutajua kipi umekimaliza. Upe rangi ya mbali au uuzime.

Kwenye Garmin za kizazi cha fenix 7 na Forerunner 955 kuna ukurasa wa Up Ahead, unaoorodhesha alama zinazokuja na umbali uliobaki. Asiyeona vizuri vitu vya karibu ataupenda kuliko ramani yenyewe: namba kubwa, jina fupi, mita zilizobaki. Ramani inabaki ya kuhakikishia tu.

Hatua ya 8: Vitufe, jasho na giza

Weka ukurasa wa ramani uwe wa pili, mara baada ya ule wa kasi na umbali. Zima kugusa kioo kwa mchezo huo, au angalau ujue namna ya kukifunga haraka. Matone ya mvua na mkono wa jaketi hukisogeza kioo bila wewe kujua, na unabaki ukitazama bonde lingine. Kwenye Garmin, START ukiwa kwenye ramani hubadilisha kati ya kukuza, kusogeza juu na chini, na kusogeza kushoto na kulia. Kwenye Coros, gurudumu la pembeni linakuza. Fanya mazoezi ukiwa umekaa sebuleni mpaka vidole vijue.

Ukanda wetu uko karibu na ikweta na giza huingia haraka. Saa kumi na mbili na nusu bado unaona mawe, saa moja usiku huyaoni. Andaa mapema mpangilio wa pili wenye Map Theme ya Dark, ili kioo kisikuchome macho yaliyokwisha kuzoea giza. Mfano halisi ni usiku wa kilele cha Kilimanjaro, ambapo wengi huondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu na saa sita usiku. Pale una mwongozaji kwa mujibu wa kanuni za hifadhi, kwa hiyo saa haikuongozi, inakuonyesha tu umebakiza mwinuko kiasi gani. Mwangaza uwe wa chini kabisa. Mwenye MIP anaweza kuzima taa ya saa kabisa na kuelekeza taa ya kichwa pembeni kidogo ya kioo, kwani ikikipiga moja kwa moja utaona mng'ao tu. Baridi huishusha betri, basi saa ikae chini ya mkono wa jaketi na itolewe inapohitajika. Glavu nene na kioo cha kugusa havielewani, ni vitufe tu.

Hatua ya 9: Ijaribu karibu na nyumbani

Pakia njia fupi ya mtaa unaoujua, yenye kona na vichochoro. Kimbia saa saba mchana, kisha saa moja usiku. Kila unapokaribia kona, tupia jicho kwenye saa kwa sekunde mbili, shusha mkono, useme kwa sauti: kushoto, kulia, au moja kwa moja. Ukikosa, au ukihitaji kutazama mara ya pili, rudi hatua ya 4 uondoe kitu kimoja, kimoja tu, urudie. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilisaidia. Simu yenye ramani ya nje ya mtandao ibaki kwenye begi hata saa ikisomeka vizuri, maana betri ya saa ikiisha haina mbadala.

Itabaki tatizo moja ambalo hakuna mpangilio utakaolitibu: kijia kilichopo ardhini na kisichopo kwenye ramani, au cha kwenye ramani ambacho mwenye shamba alishakilima. Usambara na Uluguru vimejaa vya namna hiyo, vingine vilichorwa na mtu aliye mbali akitazama picha ya setilaiti. Ukirudi, fungua akaunti ya OpenStreetMap urekebishe: chora kinachokosekana, futa kilichokufa, na weka alama ya jinsi kijia kinavyoonekana. Marekebisho hayafiki kwenye saa siku hiyo hiyo. Yanasubiri mtengeneza ramani atoe faili jipya, nawe ulipakue. Ukilipakua, futa la zamani kwanza, usije ukajikuta tena na ramani mbili zilizopandana.